Maswali ya Wasomaji: Abiria Aliyeachwa Kituoni Anahesabiwa na Nani?

Toleo lililopita niliandika kwamba mji ukitaka kupanga daladala zake vizuri, lazima kwanza ujue watu wanatoka wapi, wanakwenda wapi na saa ngapi, nikagusia na vifaa vya kufungwa kwenye gari: vya kuhesabu abiria, na GPS ya kuonyesha gari lilipo. Barua zilizokuja ni nyingi, karibu zote za Arusha, na baadhi zina hasira. Nimechagua hizi tano. Kazi ya kuhesabu abiria na kuhoji kaya nimeifanya tangu enzi za vifodi, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona barabarani pamoja na yale ambayo miji mingine imekwisha kuyafanya.

Shikamoo mama. Nauza mboga Soko la Kilombero, naishi Muriet. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri kwa mguu kwa sababu gari hakuna, na hata likiwepo, konda akiona tenga langu anageuza uso. Sasa mnasema daladala ziwekwe vifaa vya kuhesabu abiria. Mimi nisiyeingia kwenye gari nitahesabiwa wapi?
*Muuza mboga, Muriet*

Marahaba mwanangu. Umegusa penyewe. Kifaa kilichofungwa ndani ya gari kinamjua aliyepanda tu. Wewe unayetembea gizani hakikujui, na mpangaji wa usafiri akikitegemea chenyewe ataandika kwamba saa kumi alfajiri Muriet hakuna abiria, kwa hiyo gari halihitajiki. Mwakani atahesabu tena, atakuta hakuna, ataandika vilevile.

Jambo hilo hutokea hata mchana. Haisi ikitoka kituoni imejaa, hesabu inagota pale pale kila siku, wawe wameachwa watu watatu au thelathini. Ukisoma karatasi utadhani mahitaji yametulia, kumbe kilichotulia ni idadi ya viti. Ndiyo maana vijana ninaowafundisha kazi hii siwaruhusu kuandika idadi moja. Gari likifika wanaandika waliokuwa wakisubiri, waliopanda na waliobaki. Safu hiyo ya waliobaki ndiyo naisoma kwanza nikipokea karatasi zao jioni.

Sasa mtu wa saa kumi alfajiri anapatikanaje? Njia ya kwanza ni kusimama barabarani na kuhesabu watembea kwa miguu, wakiwemo wenye mizigo kichwani, kwenye njia zinazoingia sokoni. Kazi hiyo haina teknolojia yoyote. Inataka mtu mwenye koti, tochi, ubao wa kuandikia na mwenzake wa kumlinda.

Njia ya pili ni kwenda nyumbani kwako na kukuuliza. Hapo nataka niseme wazi, maana jambo hili limenikera miaka mingi. Madodoso mengi huanza na "safari ya kwenda kazini", na mara nyingi anayejibu ni baba mwenye nyumba. Baba atasema mke wangu anakwenda sokoni, basi, safari moja. Ukikaa na mama mwenyewe, ukamwomba akusimulie jana yake kuanzia alipofungua mlango, utasikia mambo mengine kabisa: alipita kwa jirani kuchukua mzigo, akaenda sokoni, saa nne akarudi nusu ya njia kumpeleka mtoto zahanati, akapita dukani, akarudi sokoni, jioni akamchukua mdogo shuleni. Safari fupi nyingi zilizofungamana, na kila mahali alipobadili gari alilipa nauli upya. Mji unaohesabu safari moja utachora njia ndefu za kumpeleka mfanyakazi wa ofisini mjini na kumrudisha. Njia ya kumtoa mtu Muriet kwenda Sombetini bila kupitia katikati ya mji haitamjia mpangaji akilini.

Kuhusu tenga lako, fomu iwe na safu ya mzigo. Tukijua abiria wangapi wa alfajiri wana matenga, ndipo tunaweza kudai gari lenye nafasi ya mizigo kwa saa zile za alfajiri. Bila hesabu, konda ataendelea kukuona wewe ndiye tatizo.

Kuna mji uliowahi kuhesabu abiria wa gari lisilokuwepo. Mwaka 2013 jiji la Seoul, Korea Kusini, lilitaka kuanzisha mabasi ya usiku wa manane. Abiria wa kuhesabu hawakuwepo kwa sababu mabasi yenyewe hayakuwepo. Wakachukua rekodi kama bilioni 3 za simu za usiku, wakaangalia simu ilipigwa mtaa gani na mwenye namba anaishi mtaa gani, wakaongeza taarifa za teksi. Humo wakaona watu wengi wa usiku wako wapi na wanataka kufika wapi, wakachora njia za mabasi juu ya ramani hiyo. Njia ya simu ina madhara yake, nitayaeleza kwa mwandishi wa barua ya nne. Ila fikra ile ya kumtafuta abiria nje ya gari ndiyo ninayoitaka Arusha.

Mama, mimi ni konda njia ya Ngaramtoni. Mkitufungia GPS kwenye gari, tajiri ataona kila tunapogeuzia na LATRA watatupiga faini kwa kukata ruti. Sioni faida yangu. Kwa nini nikubali?
*Konda, Sakina*

Hofu yako ina msingi, na ningekuwa konda ningeuliza hivyo hivyo. LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, hutoa leseni kwa njia maalumu, kwa hiyo kugeuzia Sakina badala ya kufika Ngaramtoni ni kosa, na bibi uliyemshusha pale na mzigo wake ameumia kweli. Sitalipamba.

Lakini najua pia kwa nini mnageuza. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka hesabu yake, ile fedha ya kumpelekea kila siku, mafuta ni juu yenu, na kinachobaki ndicho ugali wa dereva na wako. Foleni ikila saa nzima, tripu moja imekufa. Basi mnaitafuta hesabu kwa kufupisha njia. Hilo halionekani kwenye kitabu cha makosa, ila kwenye rekodi za GPS linaonekana vizuri, na hapo ndipo ilipo faida yako.

Chukua hesabu nyepesi. Njia ina gari 20, na kwenda na kurudi huchukua dakika 80. Kituoni linapita gari moja kila dakika 4, yaani 15 kwa saa. Foleni ikifanya mzunguko uwe dakika 120, gari zile zile 20 zinapita moja kila dakika 6, yaani 10 kwa saa. Theluthi ya usafiri imepotea na hakuna gari hata moja lililoharibika. Abiria wanasema gari ni chache, ofisi inaongeza leseni, barabara inazidi kujaa. Rekodi ya GPS ingewaonyesha dakika 40 zinafia wapi. Tuseme ni kwenye makutano moja tu: dawa yake ni taa zilizopangwa vizuri au kituo kusogezwa mita chache kutoka kona, kazi ya fedha ndogo kuliko kuongeza gari kumi. Mzunguko ukirudi dakika 80, tripu zako zinarudi, na sababu ya kugeuzia Sakina inapungua.

Kwa hiyo usikatae kifaa. Kataa kukikubali bila masharti. Kupitia chama chenu ombeni iandikwe kwamba rekodi za kupanga usafiri hazitatumika kupiga faini, kwamba namba za magari zitaondolewa kabla ya taarifa kutoka nje ya ofisi, na kwamba wafanyakazi wa gari mtaonyeshwa matokeo. Usimamizi una njia zake. Mabasi ya mikoani yana mfumo wake wa kufuatilia mwendo, na kila mtu anajua ule ni wa usimamizi. Ukichanganya mambo mawili kwenye kifaa kimoja, madereva watakizima, nawe mpangaji utabaki na ramani ya magari ya watu watiifu tu.

Jambo moja zaidi. GPS inajua gari lilipo na linakwenda kasi gani. Haijui limebeba watu wangapi. Anayejua vichwa ni wewe. Konda aliyekaa njia moja miaka mitano anaweza kukuambia Alhamisi, siku ya mnada Ngaramtoni, gari linajaa upande gani asubuhi na upande gani saa tisa. Mpango wowote wa Arusha usiomlipa konda kwa ujuzi huo utanunua kwa bei kubwa kitu ambacho tayari kiko mlangoni mwa haisi.

Shikamoo mama. Nasoma chuo hapa Arusha. Mimi na wenzangu tuna simu na muda wa likizo. Tunataka kuchora njia zote za daladala za jiji. Tuanzie wapi?
*Mwanafunzi, Njiro*

Marahaba mwanangu, barua yako imenifurahisha. Kazi hii imewahi kufanywa na wanafunzi, tena jirani. Nairobi, kuanzia mwaka 2012, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda matatu wakiwa na simu, wakirekodi njia na vituo, wakishirikiana na watafiti wa vyuo vikuu vya MIT na Columbia vya Marekani. Mwaka 2014 walitoa ramani na takwimu za njia zaidi ya 130, bure kwa kila mtu, na mwaka uliofuata njia hizo zikaingia kwenye Google Maps. Mradi uliitwa Digital Matatus. Dar es Salaam nako, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi kuchora mitaa kwa ajili ya mafuriko. Ile haikuwa ya usafiri, ila mitaa na mitaro waliyochora iko kwenye OpenStreetMap, ramani ya wazi ya mtandaoni, mpaka leo, na yeyote anaweza kuitumia.

Anzeni na njia moja, msianze na jiji zima. Chukueni njia ya Usa River, maana ni ndefu na inapita mahali tofauti tofauti. Pandeni wawili wawili: mmoja anashika simu yenye programu ya kurekodi njia, mwingine anaandika. Kila gari linaposimama andikeni saa, jina la kituo kama konda anavyolitamka, waliopanda, walioshuka. Majina ya ofisini wekeni pembeni. Abiria hushuka "Kwa Iddi" au "Philips", na ramani yenye majina asiyoyajua mtu haitamsaidia mgeni wala mwenyeji.

Kisha simameni kituoni, msipande, muandike saa ya kila gari linalopita. Nawasihi msiruke hatua hii. Watu husema gari linapita kila dakika 10 wakafikiri abiria anasubiri 5. Ni kweli gari zikipishana sawasawa. Sasa tuseme zinapita mbili mbili: moja, baada ya dakika 2 nyingine, kisha dakika 18 kimya. Wastani bado ni gari moja kila dakika 10. Lakini abiria wengi hufika ndani ya zile dakika 18, kwa kuwa ndizo nyingi, na wastani wa kusubiri kwao wote unakuwa dakika 8 na kidogo. Gari halijapungua hata moja, kusubiri kumeongezeka kwa zaidi ya nusu. Hilo huwezi kuliona ukiwa umekaa kwenye kiti cha dirishani.

Chagueni siku kwa akili. Jumamosi Tengeru ni soko, na njia ya Usa siku hiyo ni njia nyingine kabisa. Kagueni siku ya kawaida katikati ya wiki, siku ya soko, na siku ya mvua kubwa ya masika. Halafu, kwa kuwa mnafanya likizo, andikeni hilo kwa herufi kubwa juu ya ripoti: wanafunzi hawamo. Mwanafunzi analipa nauli ndogo kuliko mtu mzima, makonda wengine hukwepa kumpakia asubuhi, na wakati wa likizo tatizo lake linafichika lote. Rudieni shule zikifunguliwa, hata kama ni asubuhi moja.

Mkimaliza, hifadhini taarifa kwa muundo wa GTFS. Ni mafaili ya kawaida ya maandishi yanayoeleza vituo, njia na nyakati. Ulianza mwaka 2005 kati ya Google na shirika la usafiri la Portland, Marekani, na sasa programu nyingi za safari duniani zinausoma. Ulitengenezwa kwa miji yenye ratiba. Sisi hatuna ratiba, lakini una nafasi ya kuandika kwamba kati ya saa fulani na saa fulani gari hupita kila baada ya dakika kadhaa. Tumieni hiyo, msibuni ratiba isiyokuwepo.

Bodaboda na bajaji msiwapuuze. Mahali zilipojipanga nyingi, waulizeni wanapeleka abiria wapi. Mara nyingi jibu lao linakuonyesha mtaa ambao daladala imeusahau.

Ndugu mwandishi, nasikia kampuni za simu zinaweza kutoa taarifa za tunakokwenda ili wapange mabasi. Hili si kutuchunguza? Mimi sitaki mtu ajue naenda wapi.
*Msomaji, Kaloleni*

Una haki ya kutotaka. Nieleze inavyofanyika, uamue mwenyewe.

Simu yako ikipiga au kupokea, kampuni hubaki na rekodi ya mnara uliotumika na saa. Ukikusanya rekodi za watu wengi unaona mikondo ya mji. Kampuni ya simu ya Orange iliwahi kuwapa watafiti rekodi bilioni 2.5 za simu na ujumbe za Ivory Coast, za Desemba 2011 hadi Aprili 2012, baada ya kuondoa majina na namba. Watafiti wa IBM wakazitumia kuangalia mabasi ya Abidjan, wakakadiria kwamba mabadiliko machache ya njia yangepunguza muda wa safari wa abiria kwa asilimia 10.

Hilo ni zuri. Upande wa pili, mwaka 2013 watafiti walichunguza rekodi za simu za watu milioni 1.5, wakakuta kwamba nukta nne tu za mahali na saa zinatosha kuwatofautisha asilimia 95 ya watu hao, kila mmoja na wengine wote. Fikiri mwenyewe: anayelala Kaloleni, anayeshinda karibu na Mnara wa Saa, anayesali mahali fulani na kumtembelea mama yake Usa kila Jumapili, ni nani zaidi yako? Jina likiondolewa, nyayo zimebaki.

London walijaribu kitu kinachofanana na hicho mwishoni mwa mwaka 2016. Kwa wiki nne walikusanya mawimbi ya Wi-Fi ya simu za abiria katika vituo 54 vya treni za chini ya ardhi. Walibandika matangazo vituoni kwamba kazi inafanyika, na asiyetaka aliambiwa azime Wi-Fi. Namba za utambulisho za vifaa vyao zilifumbwa kabla ya kuchambuliwa. Kadi zao za nauli, za Oyster, zilikuwa zimewaonyesha kwa miaka watu walikoingia na walikotokea, lakini si walikopita. Sasa wakagundua kwamba kati ya vituo vya King's Cross na Waterloo abiria hutumia njia zisizopungua 18. Nawasifu kwa matangazo yale kuliko kwa ugunduzi wenyewe.

Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Mtu akija na mradi wa kutumia rekodi za simu Arusha, mwulize mambo matatu: nani atazishika, zitafutwa lini, na je, mpangaji atapewa rekodi za mtu mmoja mmoja au jumla tu za mtaa hadi mtaa? Kwa kupanga mabasi jumla inatosha kabisa. Mpangaji anahitaji kujua kwamba asubuhi watu wengi wanatoka Olasiti kwenda Njiro. Hahitaji kujua kwamba wewe ni mmojawao, na akikuambia anahitaji, mkatalie.

Nami nina shaka yangu ya zaidi. Watoto wa shule za msingi hawana simu. Mama na binti yake wanatumia moja. Mwingine ana laini tatu. Rekodi za simu zitampendelea mfanyabiashara anayepiga simu mchana kutwa, na muuza mboga wetu wa Muriet, ambaye simu yake iko kwa jirani ikichaji, atapotea mara ya pili.

Mimi ni kiongozi wa mtaa upande wa Olmoti, unakojengwa uwanja wa AFCON 2027. Wananchi wanauliza: tuhesabu safari sasa au tusubiri uwanja ufunguliwe?
*Kiongozi wa mtaa, Arusha*

Sasa, mheshimiwa, tena mapema. Uwanja wa watu 30,000 ukifunguliwa, barabara, nauli za bajaji na hata mahali watu wanapopanga vyumba vitabadilika, na usipokuwa na hesabu ya kabla hutaweza kumwonyesha mtu yeyote kilichobadilika. Halafu jiji lenyewe limekua haraka: sensa ya 2012 ilikuta watu 416,442, ya 2022 ikakuta 617,631. Wengi wa hao walioongezeka wako pembezoni kama huko kwenu, ambako njia za daladala zimewafuata kwa kuchelewa.

Hamhitaji bajeti kubwa. Chagueni sehemu tatu ambazo watu wa mtaa hutokea barabara kuu. Tafuteni vijana sita wanaoaminika, muwape posho ya chai na nauli. Jumanne, Jumatano na Alhamisi, kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa tatu asubuhi, kisha saa tisa hadi saa mbili usiku, waandike kwa kila robo saa: waliopita kwa mguu, waliopanda boda, bajaji, daladala, na waliokuwa wakisubiri gari lilipoondoka. Wanawake na wanaume safu tofauti, wanafunzi safu yao, wenye mizigo safu yao. Usiku wawe wawili wawili na tochi. Karatasi zikikamilika, pigeni nakala tatu: moja kwa ofisi ya kata, moja kwa idara ya mipango miji ya jiji, na moja ibaki kwenye faili la mtaa ambako mwananchi yeyote anaweza kuiomba akaisoma.